Barua imekwama wapi? Historia ya zana za kuchunguza seva za barua pepe

Msomaji, kama umewahi kusimamia seva ya barua pepe ya kampuni, hata ikiwa kampuni ya watu kumi tu, basi unayajua malalamiko haya: "Nilituma jana, lakini wanasema hawajapata." Mtu wa mauzo alituma bei, mteja hajaona kitu, na zabuni inafungwa saa sita mchana. Hakuna ujumbe wa kosa uliorudi. Skrini inaonyesha kwamba barua ilitumwa. Basi anayeulizwa ni nani? Ni fundi wa tarakilishi, bila shaka.

Leo nataka kueleza jinsi mafundi walivyopata zana za kujibu swali hilo, na jinsi zana hizo zilivyoanza kuwaponyoka moja baada ya nyingine. Kuna mhalifu ndani ya hadithi hii, kuna mwenyekiti wa idara ya takwimu, na setilaiti pia zimo. Lakini tuanze na karatasi moja ya mwaka 1982.

Mnamo Agosti 1982, Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California alitoa waraka uitwao RFC 821. Waraka huo ulieleza itifaki ya SMTP, yaani kanuni ambazo seva mbili hufuata zikipeana barua. Barua pepe zenyewe zilikuwepo tayari. Ray Tomlinson alituma ya kwanza kati ya mashine mbili mwaka 1971, na ndiye aliyechagua alama ya @. Jambo ambalo SMTP ilifanya vizuri, na ambalo watu wengi hulipita bila kuliona, ni kwamba seva huongea kwa maandishi ya kawaida. Binadamu anaweza kufungua mlango nambari 25 wa seva kwa programu ya telnet, akajifanya seva, akaandika kwa mkono wake. Mazungumzo huenda hivi:

220 wateja.example iko tayari
HELO duka.example
250 Karibu
MAIL FROM:<mauzo@duka.example>
250 Sawa
RCPT TO:<meneja@wateja.example>
550 Hatumjui mtu huyu

Usicheke, huo Uswahili unaruhusiwa kabisa! Itifaki inasema mashine isome tarakimu tatu za mwanzo, na maneno yanayofuata ni ya binadamu. Hayajapangwa na mtu yeyote ila mwenye seva. Na kwa kuwa Kiswahili hakihitaji herufi yoyote nje ya zile za ASCII, seva ingeweza kutujibu kwa lugha yetu tangu 1982 bila kubadilisha hata nukta. Ajabu ni kwamba hakuna aliyehangaika.

Tarakimu ya kwanza ndiyo yenye uzito. 2 ni sawa. 3 ni endelea, nasubiri. 4 ni tatizo la muda, jaribu tena baadaye. 5 ni hapana, na usirudi. Mtindo huu ulitokana na itifaki ya kuhamisha faili, FTP, na sidhani kama kuna uamuzi mwingine mdogo kama huu uliookoa saa nyingi za mafundi. Ukiona 4, unajua barua yako iko kwenye foleni mahali fulani, seva itajaribu tena. Ukiona 5, tatizo ni anwani au ruhusa, na kusubiri hakutasaidia.

Kulikuwa na amri nyingine mbili nzuri. VRFY iliuliza: je, mtu huyu yupo hapo kwenu? EXPN iliuliza: orodha hii ya barua ina nani ndani? Halafu kulikuwa na mstari wa Received. Kila seva inayopitiwa na barua hubandika mstari wake juu ya ile iliyotangulia, wenye jina lake na saa. Ukiisoma mistari hiyo kutoka chini kwenda juu, unaona safari nzima, kama mihuri kwenye pasipoti. Mahali ambapo dakika mbili zinageuka kuwa saa tisa, ndipo barua ilipolala. (Au ndipo kuna seva ambayo saa yake ni mbovu. Angalia hilo kwanza kabla ya kumpigia mtu kelele.)

La mwisho kuhusu waraka huo, na naomba ulikumbuke maana nitalirudia: seva ikipokea barua nzima na kujibu 250, imetoa ahadi. Kuanzia hapo ni jukumu lake. Ama ataifikisha kwa mwenyewe, ama atamwarifu aliyetuma kwamba imeshindikana. Zana zote nilizozitaja zilitegemea ahadi hiyo.

Siku zile mtandao ulikuwa mdogo na majina ya mashine zote yalikuwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT. Paul Mockapetris alibuni mfumo wa DNS mwaka 1983, na Januari 1986 Craig Partridge akaandika RFC 974, iliyoleta rekodi za MX. Hizi husema barua za kikoa fulani zipelekwe kwenye seva ipi, na ikizimika, ipi ni ya akiba. Kwa biashara hii ilikuwa neema kubwa. Kwa fundi ilimaanisha mahali papya pa kuharibikia! Ndiyo maana hadi leo hatua ya kwanza ya kila uchunguzi ni nslookup au dig: uliza MX kabla hujagusa seva. Ping, ambayo Mike Muuss aliiandika Desemba 1983 katika maabara ya jeshi la Marekani, itakuambia kama mashine iko hai, lakini mashine inaweza kuwa hai na programu yake ya barua imekufa.

Programu iliyobeba barua nyingi za dunia wakati huo ilikuwa sendmail, kazi ya Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ilienea pamoja na mfumo wa 4.2BSD mwaka 1983. Faili lake la mipangilio lilikuwa gumu kusomeka, alama juu ya alama, hivyo sendmail ilikuja na zana zake ndani. Chaguo la -bv lilikagua anwani bila kutuma kitu. -bt lilikufungulia mahali pa kuandika anwani na kutazama sheria zikiibadilisha hatua kwa hatua. -v lilikuonyesha mazungumzo yote ya SMTP yakitokea. Mimi ni mtunzi wa programu, si msimamizi wa mifumo kwa taaluma, lakini naiona -bt kama kitu cha kisasa kabisa: programu inayokubali kuulizwa "ungefanya nini ukipewa hii?"

Sendmail ilikuwa na zana moja zaidi, amri ya DEBUG. Ukiunganishwa kupitia mlango 25 ukaandika DEBUG, seva ingekuruhusu mambo ambayo kwa kawaida hayaruhusiwi. Mojawapo: mpokeaji wa barua angeweza kuwa programu badala ya mtu. Kwa anayejaribu mfumo wa barua wa mbali ilikuwa njia ya mkato. Ilitakiwa kuzimwa kabla programu haijapelekwa kwa wateja, lakini mashine nyingi ziliuzwa ikiwa imewashwa.

Tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell aitwaye Robert Tappan Morris aliachilia programu inayojinakili yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine. Tunaiita mnyoo wa Morris. Moja ya njia zake za kuingia ilikuwa hiyo hiyo: unganisha mlango 25, sema DEBUG, tuma barua ambayo mpokeaji wake ni amri za mfumo. Njia nyingine ilipitia finger, programu ya kuuliza nani yuko kwenye mashine. Makadirio yaliyozoeleka ni mashine 6,000, nazo zilisongwa na nakala hadi zikashindwa kufanya kazi. Morris alihukumiwa mwaka 1990: miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii, na faini ya dola 10,050. Mwezi ule ule wa Novemba 1988, kituo cha CERT kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon.

Tazama vizuri kilichotokea hapo. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya fundi ulitumiwa na mwingine, na mlango hauwezi kujua tofauti. Baada ya hapo DEBUG ilikufa, na hakuna aliyeililia. VRFY ilidumu kidogo. RFC 1123 ya Oktoba 1989, mwaka mmoja tu baada ya mnyoo, bado ilisema kila seva lazima iwe nayo. Lakini waraka huo huo ulileta jibu jipya, 252, ambalo maana yake ni: siwezi kukuhakikishia mtu huyu, ila lete barua nitajaribu. Barua taka zilipoanza kufurika katika miaka ya 1990, watumaji wake waligundua kwamba VRFY na EXPN ni shamba la kuvuna anwani. Wasimamizi wakaanza kujibu 252 kwa kila jina, lililopo na lisilokuwepo. Ni jibu la kisiasa kabisa. Seva imejifunza kusema "nimelisikia ombi lako".

Katikati ya miaka hiyo kuna kisa ambacho mafundi wa barua hukisimulia hadi leo. Msimuliaji ni Trey Harris, aliyesimamia barua pepe katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill; alikiandika mwaka 2002, na mwenyewe alionya kwamba amepunguza mengine na kukipamba kidogo. Mwenyekiti wa idara ya takwimu alimpigia simu akamwambia hawawezi kutuma barua pepe zaidi ya maili 500, yaani kama kilomita 800. Harris akadhani anataniwa. Barua pepe haijui umbali! Lakini hawa walikuwa watu wa takwimu, walikuwa wamekusanya data siku kadhaa na hata kuchora ramani.

Akajaribu. Barua ya Richmond ilifika, ya Atlanta ikafika, ya Princeton ikafika. Ya Memphis ilikataa. Boston, Detroit, zikakataa. New York ikafika, Providence ikakataa. Mwishowe akafanya kile kitu cha kizamani: akafungua mlango 25 wa seva ya idara kwa telnet, na katika salamu yake ya kwanza seva ikajitambulisha kuwa sendmail ya SunOS. Hapo akaelewa. Mshauri mmoja alikuwa ameboresha mfumo wa seva ile, na bila kujua akarudisha sendmail toleo la 5, wakati faili la mipangilio lilikuwa la toleo la 8. Toleo la 5 halikuelewa mistari mingi ya faili hilo, likairuka, na mojawapo ilikuwa muda wa kusubiri muunganisho. Ukakosekana, ukawa sifuri. Kwa mashine ile sifuri ilikuwa na maana ya zaidi kidogo ya milisekunde 3 kabla ya kukata tamaa. Mwanga katika milisekunde 3 husafiri takriban maili 558.

Watu wamebishana sana kuhusu hesabu hiyo, maana muunganisho ni kwenda na kurudi, wala umeme ndani ya waya hauendi kasi ya mwanga. Sawa. Lakini ona kilichomwokoa Harris: seva ilitaja jina na toleo lake hadharani. Leo msimamizi makini huficha habari hiyo, kwa kuwa mshambuliaji akijua toleo anajua na tundu lake. Seva nyingi za sasa husema tu jina la mashine na "tayari". Mshauri wa namna ile angetusumbua wiki nzima.

Nikitafakari kisa hiki hujiuliza kingekuwaje hapa kwetu. Kwa mstari ulionyooka, Kampala na Dar es Salaam ziko ndani ya kilomita 800 kutoka Nairobi. Lusaka iko mbali zaidi. Ramani ya mwenyekiti wetu ingekuwa na duara zuri la Afrika Mashariki. Ila isingekuwa hivyo! Kabla ya KIXP, kituo cha kubadilishana data cha Kenya, barua kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine Nairobi kwa kawaida ilipitia ng'ambo kwa setilaiti. Setilaiti hizo ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka, kwenda na kurudi, ni kilomita 144,000, karibu nusu sekunde hata mtandao wote ukiwa mtupu. Seva ya Harris isingeweza kutuma barua kwa jirani wa ghorofa ya pili.

Tuliyajua haya kwa traceroute, zana ambayo Van Jacobson aliiandika mwishoni mwa miaka ya 1980 katika maabara ya Lawrence Berkeley. Huonyesha kila kituo ambacho data inapita na muda wake. Kwa fundi wa Nairobi traceroute ilikuwa zaidi ya zana, ilikuwa ushahidi: hii hapa, nimetuma Westlands kwenda mjini, tazama imepita Marekani. KIXP ilifunguliwa Novemba 2000, ikafungwa mwezi uliofuata kwa amri ya Tume ya Mawasiliano baada ya Telkom Kenya kulalamika kwamba inavunja haki yake ya ukiritimba, ikafunguliwa tena Februari 2002. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, setilaiti zikabaki akiba.

Wakati huo huo makampuni mengi yalikuwa yamehamia Microsoft Exchange, iliyotoka mwaka 1996. Hapa sitakaa sana. Mazungumzo ya ndani kati ya Outlook na Exchange hayakuwa maandishi ya kusomeka kwa macho, hivyo telnet ilikusaidia kwenye mlango wa nje tu. Ndani ulitegemea zana za Microsoft wenyewe. Exchange 2003 ya kawaida ilikuwa na kikomo cha gigabaiti 16 kwa hifadhi ya barua. Ikifika hapo ilijifunga, na ofisi nzima ikakosa barua asubuhi moja. Kiraka cha SP2 cha mwaka 2005 kiliruhusu hadi 75. Mwaka 2004 Microsoft ilitoa Best Practices Analyzer, programu iliyokusanya mipangilio ya seva na kuilinganisha na orodha ndefu ya makosa yanayojulikana. Mwaka 2009 ikaja tovuti ya kupima Exchange kutoka nje: unaandika anwani na neno la siri, nayo inajaribu kuingia kama simu, kama Outlook, kama seva ya barua, na kukuonyesha hatua iliyoshindikana. Naam, neno la siri kwenye tovuti ya watu! Ushauri ulikuwa utumie akaunti ya majaribio, na ni ushauri wa kufuata.

Lakini mabadiliko makubwa kuliko yote hayakuwa ya programu. Yalikuwa ya ile ahadi ya 250.

Barua taka na virusi vilikuwa vikighushi anwani ya mtumaji. Seva iliyotimiza ahadi, ikarudisha taarifa ya kushindwa, ilimrudishia mtu asiyehusika kabisa. Fikiria ukiamka na taarifa elfu kumi za barua ambazo hukutuma. Basi seva zikaanza kunyamaza: kupokea, kujibu 250, kisha kuitupa barua au kuitia kwenye folda ya taka bila kumwambia mtu. RFC 5321 ya Oktoba 2008, mrithi wa ule waraka wa Postel, ilikiri kwamba hali hii ipo na kutoa tahadhari nyingi kuihusu. Nadhani hapo ndipo tulipopoteza kitu. Jibu la 550 linauma lakini unalifanyia kazi. 250 ya uongo haikupi hata pa kuanzia.

Badala ya kuuliza, sasa tunangoja kuambiwa. SPF mwaka 2006 na DKIM mwaka 2007 ziliruhusu kikoa kutangaza ni seva zipi zinazotuma kwa niaba yake na kutia sahihi barua zake. DMARC ikatangazwa Januari 2012, na ndani yake kuna wazo zuri: wapokeaji wakubwa hukutumia ripoti, kwa kawaida kila siku, zikieleza barua ngapi zimedai kutoka kwako na ngapi zimefaulu ukaguzi. Ni faili za XML zilizobanwa, hazivutii, lakini zisome. Mara nyingi ndizo zitakazokuonyesha ile programu ya ankara iliyosahaulika inayotuma bila sahihi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai ukaguzi huu, kwa ukali zaidi kwa wale wanaotuma kwa wingi. Gmail huanza kuwahesabu hivyo kuanzia barua 5,000 kwa siku.

Lakini ripoti ya DMARC haisemi kama barua yako iliingia kwenye kikasha au kwenye taka. Kwa hilo Google wana Postmaster Tools tangu 2015, ambapo unathibitisha kikoa chako na kuona jinsi watumiaji wa Gmail wanavyozipokea barua zako. Kampuni inayotuma maelfu kwa siku itaona grafu. Kampuni ya watu kumi inayotuma ankara arobaini itathibitisha kikoa chake vizuri, itafungua ukurasa, na kukuta hakuna data ya kuonyesha, kwa kuwa kiasi ni kidogo mno.

Na ile telnet? Windows iliacha kuja nayo ikiwa tayari tangu Vista, na macOS tangu High Sierra ya 2017. Seva nyingi sasa hutaka mazungumzo yasimbwe, kwa hivyo utumie openssl s_client badala yake, na makampuni mengi ya intaneti yamefunga mlango 25 kwa wateja wa kawaida, kwa hivyo ujaribu ukiwa kwenye seva yenyewe. Ukifika bado itakujibu kwa tarakimu tatu, vile vile kama 1982. Utapata 250 yako. Halafu mtu wa mauzo atampigia mteja simu kumuuliza kama ameangalia kwenye folda ya taka.